Masharti ya Kazi kwa Mlinzi wa Wiki Nane, Msimu wa Kaskazi

Karibu kazini, Simba. Juzi ulikuwa unanyonya na ndugu zako, jana ukatiwa kwenye boksi la sabuni na kupandishwa daladala, na leo umeshushwa uani kwa watu, Tabata, ukatangaziwa kwamba wewe ndiye mlinzi wa nyumba hii. Una wiki nane. Meno yako bado ni ya maziwa, na asubuhi hii umeibwekea ndala moja mpaka ikakushinda. Hilo lisikusumbue. Linalonisumbua mimi ni mwezi ulioajiriwa. Hii ni Januari, Dar es Salaam, kaskazi inavuma, na joto hili halitalegea mpaka masika yaingie. Kazi umepewa, ila masharti hukuelezwa, kwa hiyo nakueleza mimi.

Najua hujui kusoma. Mwenye nyumba atakusomea. Asome kwa sauti, polepole, na kila penye maneno "bosi wako" ajue ni yeye anayesemwa.

Tuanze na usingizi. Mtoto wa mbwa wa umri wako hulala saa 18 hadi 20 kati ya saa 24, na huo ndio wakati anaokua. Mchana wa kaskazi lala bila aibu. Usiku vilevile. Mwizi akija mwezi huu, endelea kulala. Geti na komeo vilikuwepo kabla yako na vitaendelea na zamu. Bosi wako asikuamshe saa nane mchana ili akuonyeshe kwa wageni, wala watoto wasikukimbize uani jua likiwa utosini, maana wewe hutajua kusema umechoka. Mtoto wa mbwa hucheza mpaka anaanguka.

Jambo linalofuata bosi wako alishike vizuri, kwa kuwa mengine yote yanatokana nalo: wewe hutoki jasho kama yeye. Anaporudi jioni, shati limelowa mgongoni, analivua, anakaa mbele ya feni kwa singlendi na baada ya muda anasema, "Afadhali." Mwili wake mzima umetoa maji, upepo umeyakausha, joto limeondoka nayo. Wewe una tezi za jasho kwenye nyayo tu, na hazitoshi kukupoza. Unategemea kutweta. Unyevu wa ulimini na wa njia ya pumzi unageuka mvuke, mvuke unatoka na joto. Sasa hewa ya pwani miezi hii imeshiba unyevu wa bahari na haina pa kuupokea mvuke wako. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dodoma mwezi Oktoba, hewa ikiwa kavu, na nyuzi 32 za hapa mwezi Februari, kwa mbwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Kule unatweta na unapoa. Hapa unaweza kutweta mchana kutwa na joto likabaki ndani.

Ukiwa mzima, joto la mwili wako ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likipita 40 una shida. Likifika 41 na kuendelea, viungo vya ndani vinaanza kuharibika: figo, utumbo, ubongo. Na wewe bado mdogo, mwili wako haujawa hodari wa kujirekebisha. Ukiwa wa jamii ya pua bapa, wale wa kuletwa kutoka nje ambao wanakoroma hata wakiwa macho, hali yako ni ngumu zaidi, kwa sababu njia yenyewe ya kutwetea ni finyu. Mbwa wetu wa kawaida, anayeitwa mbwa koko kwa dharau asiyostahili, ana manyoya mafupi na pua ndefu, na kwa hali hii ya hewa amejaliwa. Lakini kujaliwa hakumfanyi akae juani.

Hapo ndipo tunafika kwenye mnyororo.

Saa moja asubuhi bosi wako anakufunga upande wa magharibi wa nyumba. Kuna kivuli kizuri, ukuta bado una ubaridi wa usiku, kasufuria ka maji kako pembeni. Anakupapasa kichwa, anaondoka na dhamira safi. Kufika saa sita kivuli kimejikunja chini ya ukuta mpaka kimebaki cha kukutosha mkia. Kuanzia saa saba jua limevuka paa na linakutazama uso kwa uso, na litakutazama hivyo hadi jioni. Kasufuria kameshapinduliwa na mnyororo ulipokuwa unajaribu kuhama. Ikifika mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita na nusu linapita juu kabisa ya utosi wa Dar es Salaam, na ukuta hauna kivuli upande wowote. Kivuli kinatembea siku nzima, mnyororo hautembei, na mbwa wengi wanaokutwa wamekufa jioni hawakuwekwa juani na mtu. Walifungwa kivulini, wakaachwa hapo.

Kwa hiyo dai lako kubwa kuliko yote liwe hili: mchana usifungwe. Ua uwe umezibwa, mfereji wa maji machafu ufunikwe, na wewe uwe huru kukifuata kivuli kinakokwenda. Wewe mwenyewe utajua pa kulala. Mbwa hukuna mchanga wa juu wenye moto na kulalia wa chini wenye ubaridi. Bosi wako atalalamika kwamba unamharibia bustani ya maua. Maua yatapandwa tena.

Kama lazima uwe bandani, basi na banda lijengwe kwa akili. Wengi wanajenga boksi la mbao, wanapigilia bati juu, wanaridhika. Bosi wako aingize mkono chini ya bati hilo saa nane mchana auache hapo kidogo, atajua alichokujengea. Watu wa pwani walishapata jibu la jambo hili zamani, nalo ni makuti. Hayashiki moto wa jua, na upepo unapenya. Kama bati limeshapigiliwa, makuti yalazwe juu yake. Mlango utazame kaskazini mashariki, upepo unakotoka msimu huu, na ukuta wa nyuma uachiwe nafasi ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Sakafu iinuliwe na matofali mawili matatu. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mbwa wa uani yumo ndani yake sawa na ng'ombe wa maonyesho. Lakini ningependa bosi wako afanye haya kwa kukuonea huruma, kabla ya kukumbushwa sheria.

Kuna kivuli kingine utakachokipenda mno, nacho ni chini ya gari. Sakafu ya saruji pale ni baridi na hakuna anayekusumbua. Hatari yake inakuja asubuhi au wakati wa kwenda sokoni, mtu anapoingia kwenye gari na kurudi nyuma bila kutazama. Kila dereva wa nyumba hii, na kila mgeni mwenye gari, apige bodi kwa kiganja, ainame, atazame chini, ndipo awashe. Iwe mazoea kama kufunga mkanda.

Maji sasa. Kwa mbwa, mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ndiyo kawaida. Joto likizidi, na kwa mtoto, yanahitajika zaidi. Usiwekewe kwenye sufuria la alumini juani, kwa sababu kufika saa tano yatakuwa ya kuogea. Chombo bora ninachokijua ni kitako cha mtungi uliovunjika. Udongo wa mfinyanzi unavuja jasho lake taratibu na kuyapoza maji, ni mzito kwako kuupindua, na hauli pesa. Viwepo viwili, sehemu mbili, ili kimoja kikimwagika usife kiu. Vioshwe kila siku, la sivyo viluwiluwi vya mbu vitahamia.

Na hapa nikutajie mtu wa kumheshimu kuliko wote nyumbani. Bosi wako anashinda kazini. Anayebaki na wewe saa za hatari, kuanzia saa tano hadi saa kumi, ni dada wa kazi. Mshahara wake hauzungumzii mbwa, hakuulizwa kama anapenda mbwa, na maisha yako yamo mikononi mwake. Bosi wako ampigie simu mchana kwa adabu:

"Dada, za hapo? Simba ana maji?"

"Nzuri, baba. Yalikuwepo, kayaingia kwa miguu yote, nimemwekea mengine."

"Ahsante sana, dada. Anatweta sana?"

"Kalala chini ya karo, anakoroma."

Mazungumzo haya yanachukua chini ya dakika moja. Na dada aongezewe kitu mwisho wa mwezi, maana kazi imeongezeka. Siku umeme ukikatika, naye ana ujanja wake: chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friji tangu usiku, ikafungwa kwenye kipande cha kanga chakavu, ikawekwa ulipolala. Utaikumbatia mwenyewe.

Kuhusu matembezi, kwanza sahau barabara. Mpaka umalize chanjo zako, dunia yako inaishia getini. Kuna ugonjwa wa parvo, unaoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa, ukawaharisha damu yenye harufu mbaya na kuwatapisha, na virusi vyake hukaa kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa ukifikisha miezi mitatu, na hiyo haina mjadala, kwani inawalinda watoto wa mtaa mzima. Bosi wako aandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani, ile ile anayoandikia marejesho ya kikoba.

Ukishamaliza chanjo, mtatembea alfajiri kabla ya saa moja, au jioni kigiza kikianza kuingia. Lami ya mchana inaunguza nyayo zako hata kama bosi wako hahisi kitu ndani ya raba. Kipimo ni rahisi: aweke mgongo wa kiganja kwenye lami ahesabu hadi saba. Akishindwa kuvumilia, rudini nyumbani. Coco Beach pia ni ya alfajiri, mchanga ukiwa bado na umande. Mbebe maji ya kunywa, maana ukinywa ya bahari utatapika na kuharisha na kuzidi kukaukiwa. Na usiruhusiwe kula samaki yeyote aliyetupwa ufukweni. Ukimpata bunju, sumu yake inapooza misuli ya kupumua na haina dawa.

Ndani ya gari lililoegeshwa usiachwe kamwe. Dakika kumi zinatosha kupandisha joto la ndani kwa nyuzi kama kumi juu ya lile la nje, na kushusha kioo vidole viwili hakusaidii. "Naingia mara moja tu" huishia kwenye foleni, na foleni ya mjini haijui una mbwa.

Wadudu nao hufurahia joto. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi porini tu. Anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga humo humo kwenye nyufa za banda lako, na anaeneza magonjwa ya damu yanayomlegeza mbwa, kumpandisha homa na kummaliza nguvu. Akionekana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kupindwa. Asichomwe kwa njiti ya kiberiti. Usipakwe mafuta ya taa. Na hapa nasema kwa ukali wote nilio nao: usipakwe oili chafu ya gari. Mitaa yetu imejaa ushauri huu, kwa kupe, kwa viroboto, kwa ukurutu. Oili ile inapenya kwenye ngozi, inaziba manyoya yako, kisha unairamba, na ni sumu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo si ya kukisia kwa kifuniko. Mtoto wa mbwa aliyeogeshwa kwa kipimo cha ng'ombe anaweza asifike asubuhi. Bwana mifugo ana dawa za mbwa, kwa uzito na umri wako. Aulizwe yeye.

Yuko pia inzi wa nguo mbichi. Kila mtoto wa pwani amewahi kuulizwa kwa nini chupi na foronya zinapigwa pasi, akajibiwa kwamba kuna inzi anataga kwenye nguo zilizoanikwa. Inzi huyo huyo anataga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, na tumbo lako lisilo na manyoya linalalia mchanga huo. Kiluwiluwi kinatoboa ngozi, panavimba jipu, na katikati ya jipu kuna tundu dogo jeusi. Ukilitazama vizuri, tundu linapumua: kinachotokeza pale ni ncha ya mdudu akitafuta hewa. Usiminywe kwa hasira, akipasukia ndani patatunga usaha. Tundu lipakwe mafuta ya mgando, mazito, likosane na hewa, lisubiriwe. Mdudu akianza kujitokeza, ngozi ibonyezwe taratibu pande zote mbili atoke mzima. Yakiwa majipu mengi, hiyo ni ya daktari. Kinga ni kubadilisha matandiko yako mara kwa mara, kuyafua, kuyakausha juani mpaka yakauke kabisa, na kuyapiga pasi. Ndiyo, mbwa apigiwe pasi. Dada atacheka, bosi wako atanunua umeme wa luku, na tumbo lako litabaki salama.

Dawa ya minyoo uanze sasa, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo kutoka kwa mama, na minyoo yako ni hatari kwa watoto wa binadamu wanaocheza kwenye mchanga huo huo. Kinyesi kizolewe kila siku.

Chakula chako kigawanywe mara tatu au nne kwa umri huu, kingi kikiliwa asubuhi mapema na jioni, na kinachobaki kiondolewe; uji wa dagaa ulioachwa juani huchacha upesi. Ugali mtupu haukuzi. Uchanganywe na dagaa waliooshwa chumvi, yai, utumbo uliochemshwa. Lakini mtego mkubwa wa msimu huu unaning'inia juu ya kichwa chako, maana ni msimu wa maembe. Nyama ya embe kidogo haina neno. Kokwa ndilo baya. Linateleza, lina harufu tamu, watoto wamelifyonza wakalitupa, na likishuka kooni linakwama kwenye utumbo mwembamba wa mtoto wa mbwa, na kulitoa ni kwa kisu cha daktari. Chini ya mwembe pafagiliwe kila asubuhi. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo iende jalalani penye kifuniko.

Mzee jirani wa ukuta wa pili ana baraza ya saruji, pana, yenye kivuli cha mkungu, na baridi yake unaisikia kwa pua. Utataka kwenda kulala pale. Usiende. Mwenyewe ni Mwislamu, na Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambako mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee yule akikuta umelala palipo mkeka wake wa sala, umempa kazi kubwa kabla ya adhuhuri. Heshima kwake ni kwamba bosi wako akutengenezee ubaridi wako huku huku. Na usidhani hakupendi: mzee huyo anakijua vyema kile kisa cha kale cha mtu aliyeteremka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa anaramba mchanga kwa kiu, akasamehewa madhambi yake. Ukimwona anachungulia ukutani mchana, anatazama kama kitako chako cha mtungi kina maji.

Kuanzia hapa sizungumzi nawe tena, Simba. Nenda kalale. Nazungumza na mwenye nyumba, na mchezo tumeuweka pembeni.

Ukimkuta anatweta bila kupumzika, mate yanamtoka mazito, fizi nyekundu sana au zimepauka, anayumba, anatapika, anaharisha au anakutazama kama hakujui, huo ni mshtuko wa joto na kila dakika ina thamani yake. Mpoze kwanza, mpeleke kwa daktari baadaye kidogo. Mtoe juani. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, tumboni, kwapani, kwenye mapaja na nyayo, endelea kumwagia, na apepewe. Feni, ungo, kipande cha boksi, chochote. Usitafute barafu ukaacha maji yaliyo karibu. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko yeye yanafaa. Usimfunike kwa taulo bichi ukaliacha juu yake, litapata moto na kumfungia joto ndani. Akiweza kumeza, apewe maji kidogo kidogo, asilazimishwe kwa kumiminiwa mdomoni. Kutweta kukitulia, acha kummwagia ili asije akapoa kupita kiasi.

Kisha aende kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata akisimama na kutikisa mkia, kwa sababu figo na utumbo huweza kuonyesha madhara saa nyingi baadaye. Gari lako kama limeshinda juani, fungua milango yote limwage joto kabla hajaingia, au ita bajaji, ambayo pande zake ziko wazi na upepo wa njiani utaendelea kumpoza. Namba ya daktari iandikwe leo, jikoni, mahali dada anapoiona, na salio la kupigia simu liwepo kwenye simu yake.